Staa Kapiga Simu Moja, Deni la Paking Likafutika. Wa IST Apige kwa Nani?

Ubuyu huu umezunguka mjini mpaka umechuja rangi, lakini urudiwe kidogo kwa ajili ya waliokuwa hawana bando. Mwezi uliopita msanii mmoja wa Bongo Fleva, yule ambaye hatoi ngoma bila kwanza kutoa kiki, aliegesha Prado yake nyeusi mtaa mmoja wa Posta, akaingia duka la dawa, akatoka na kumkuta dada wa paking amesimama mbele ya gari na mashine yake mkononi. Dada akamwambia kwa adabu zote, "Samahani kaka, gari yako inaonyesha ina deni la nyuma. Elfu themanini na saba na mia tano." Hapo hapo simu ikatoka mfukoni, laivu ikafunguliwa, na maelfu ya watu wakaingia kumtazama mwanaume mzima akimtolea povu binti aliyevaa kizibao cha kung'aa.

"Unajua mimi ni nani?" Hilo lilikuwa swali la kwanza. La pili, "Nani kakutuma?" La tatu halikuwa swali, lilikuwa tusi, na halirudiwi hapa kwa sababu mama za watu nao wanasoma. Binti alijaribu kueleza kwamba yeye anasoma tu kile ambacho mashine inamwonyesha. Kamera ikamsogelea usoni. Jina lake kwenye kitambulisho likasomwa kwa sauti, herufi kwa herufi, kama vile mtu anatangaza mshindi wa bahati nasibu. Mwisho staa akampigia "mheshimiwa" fulani, spika ikiwa wazi ili mashabiki wasikie vizuri. Mheshimiwa akacheka. "Mdogo wangu, hilo mbona dogo? Nitumie namba ya gari." Jioni skrinishoti ikapandishwa: deni sifuri. Chawa wakajaa kwenye komenti na vimoto vyao. Mwamba huyu! Mjini konekisheni! Mwamba haguswi!

Haya. Timu zote mbili, wanaompenda na wanaomnanga, zimebishana mwezi mzima kuhusu kama alikuwa na haki ya kutukana. Kitu ambacho hakuna timu iliyotaka kukiangalia ni kwamba staa, kwa dalili zote, hakuwa anadaiwa hizo hela. Au tuseme sehemu kubwa ya hizo hela haikuwa yake.

Ushahidi uko wapi? Kwenye ukurasa wake mwenyewe. Ile skrinishoti ya mwanzo aliyoionyesha kwenye laivu, kabla ya simu ya mheshimiwa, ilikuwa na mchanganuo: tarehe, saa, mtaa. Mistari mingi ilikuwa ya Kariakoo, asubuhi, siku zinazofuatana. Na wiki hiyo hiyo staa alikuwa Mwanza kwenye shoo, Prado ile ile imeegeshwa pembeni ya ziwa, Mwamba wa Bismarck ukionekana nyuma, namba ya gari inasomeka bila hata kukuza picha. Aliposti mwenyewe. Likes kibao. Gari moja haliwezi kuwa Mwanza linapigwa upepo wa ziwa na wakati huo huo liko Kariakoo linasubiri mzigo wa vitenge.

Halafu kuna komenti moja ambayo ilizama chini kabisa ya matusi. Jamaa mmoja aliandika kwamba ana Noah nyeupe, anaiegesha Kariakoo karibu kila siku ya Mungu, na namba yake inapishana na ya staa kwa herufi moja tu, ya katikati: yeye ana F, staa ana E. Akamalizia kwa kuuliza kiupole, "Mbona mimi miezi yote hii sidaiwi?" Chawa wakamshukia kama mwewe. Wakamwambia anatafuta umaarufu, aende zake na Noah yake ya kubebea nyanya. Jamaa akafuta komenti. Na hivyo ndivyo mtu pekee aliyekuwa na jibu la kesi nzima alivyofukuzwa kwenye kesi.

Kwa hiyo staa alikuwa na haki mkononi. Kesi nyepesi kuliko zote: picha zenye tarehe, mashahidi maelfu, na sababu ya kosa imejileta yenyewe kwenye komenti. Kilichotakiwa ni karatasi mbili na nusu saa ya utulivu. Yeye akachagua laivu, tusi na simu. Na hapo ndipo mjini kote panapotakiwa paongee, maana tabia hii si yake peke yake. Yeye ana wafuasi wengi tu kuliko wengine.

Kwanza binti. Yale madeni hayakuandikwa na yeye. Mchanganuo ulikuwa wa mitaa mingine, siku nyingine, mashine nyingine. Anachofanya dada wa paking ni kuingiza namba ya gari na kusoma kinachorudi. Hawezi kufuta hata mia tano kutoka pale alipo. Kumfokea yeye juu ya deni la mwezi uliopita ni sawa na kumpiga kondakta wa daladala kwa sababu mafuta yamepanda bei. Mama ntilie wa mtaa ule anasema siku mbili baada ya laivu wapita njia walianza kumwita binti kwa lile tusi la kwenye video, wengine wanamrekodi anakula. Wiki ya pili hakuonekana tena. Kizibao anavaa mwingine. Alikwenda wapi, mama ntilie hajui, ila anajua bado ana deni lake la wali maharage la siku tatu, na binti hakuwa mtu wa kukimbia deni.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ipo. Mastaa wanazijua sana hizi sheria siku wanapochambwa wao, mawakili wanapigiwa usiku wa manane. Siku ya kumsoma jina binti wa watu mbele ya maelfu, sheria zote zinasahaulika.

Pili, ile simu. Watu wanaishangilia kana kwamba ni ushindi dhidi ya mfumo. Ushindi gani? Deni la makosa halikuchunguzwa. Hakuna aliyefungua mchanganuo na kusema, hapa herufi imesomwa vibaya, turekebishe. Mtu mmoja alimwambia mtu mwingine afute, akafuta. Kesho akifutiwa mtu ambaye kweli anadaiwa, njia itakuwa ni ile ile. Na asiye na mheshimiwa kwenye simu yake atabaki na deni lake, la kweli au la uongo, maana milango miwili ilikuwepo, na watu wenye sauti kubwa wameamua kupitia wa nyuma na kuuacha wa mbele uote kutu.

Wapo wanaoutumia wa mbele. Hawatrendi, ndiyo maana hawajulikani. Kuna dada mmoja anauza mawigi Kinondoni, oda zinakuja Insta, anapeleka mwenyewe kwa IST ya mkononi aliyoinunua mwaka jana. Miezi michache baada ya kununua akaangalia deni la paking kupitia menyu ya *152*00#, akakuta shilingi 62,000. Alilia kidogo (anakiri mwenyewe), halafu akaacha kulia akaanza kufanya hesabu. Hatua zake zinafaa kusimuliwa polepole.

Kitu cha kwanza alikataa kushughulika na jumla. Elfu sitini na mbili kama jumla haijibiki. Ni kama kuambiwa "una makosa" bila kuambiwa umefanya nini. Akadai mchanganuo: kila mstari na tarehe yake, saa yake, mtaa wake. Akauchapa. Akakaa chini na kalamu za rangi tatu kama mwanafunzi wa darasa la saba. Mistari ya kabla ya tarehe ya mkataba wa mauziano ilifika 38,500. Mistari ya siku ambazo IST ilikuwa gereji Sinza, gia boksi imeshushwa chini, ilifika 9,000. Iliyobaki, 14,500, ilikuwa yake kabisa. Alikuwa amepaki Posta na Kariakoo akipeleka mawigi, akaondoka bila kulipa akijua kabisa.

Hiyo 14,500 aliilipa siku hiyo hiyo, akatoa kontro namba ile inayoanza na 99, akalipa kwa simu na kutunza ujumbe wa muamala. Hapa wengi watasema mjinga, angesubiri yote ifutwe kwa pamoja. Hapana. Huyo ndiye mjanja kuliko staa na chawa wake wote. Mtu anayekwenda kubisha deni akiwa ameshalipa sehemu anayoijua ni yake, anasikilizwa kwa sikio tofauti kabisa na yule anayesema "sidaiwi hata senti" wakati yeye na mashine wote wanajua si kweli.

Halafu akaandika barua. Ukurasa mmoja. Namba ya gari, tarehe zinazobishaniwa, sababu ya kila kundi, vielelezo vimeambatanishwa: nakala ya mkataba, risiti ya gereji yenye tarehe ya kuingia na kutoka, picha za gari likiwa juu ya mawe bila matairi ya mbele. Hakuandika "nyie wezi". Hakuandika "nitawapeleka kwa Rais". Akachapa nakala mbili, akazipeleka masijala, na hakuondoka mpaka nakala yake imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Huo mhuri, kwa asiyejua, ndio roho ya kila kitu. Barua bila mhuri ni stori. Barua yenye mhuri ni kitu ambacho afisa wa juu atauliza, "Hii mlipokea tarehe ngapi na mmefanya nini?"

Je, alipewa haki yake palepale? Thubutu. Na hapa ndipo ofisi nayo inapotakiwa ivuliwe miwani.

Mara ya kwanza aliambiwa, "Njoo Jumatano, binti." Jumatano anayehusika alikuwa semina. Mara ya tatu akakutana na mzee mmoja nyuma ya meza. Akampa shikamoo, akapewa marahaba, na mzee akamwambia bila hata kufungua barua kwamba deni linafuata namba ya gari, wala si mtu, kwa hiyo alipe tu. Dada hakupandisha sauti. Akasema, "Sawa baba, hilo la mwenye gari wa zamani nitamalizana naye. Lakini hizi siku za gereji gari halikuwa na gia boksi. Lilitembeaje mpaka Kariakoo?" Mzee akafungua barua. Ilikuwa mara ya kwanza barua inafunguliwa, na ilikuwa na siku kumi na nane masijala.

Elfu tisa ya gereji ikafutwa safari ya nne. Ile 38,500 aliipeleka kwa aliyemuuzia gari, akamwekea mchanganuo mezani pamoja na mkataba, kwa sababu siku ya kununua alisisitiza kiandikwe kipengele kimoja kinachosema madeni yote ya kabla ya tarehe ya mauzo ni ya muuzaji. Kipengele cha mstari mmoja. Jamaa aliguna, akalipa. Wanaonunua IST na Passo za mkononi kila siku wanakagua injini, wanakagua rangi, wanabisha hodi kwenye bodi kutafuta pati, kisha wanasahau kuingiza namba ya gari kwenye simu kabla ya kutoa hela. Na wengine hata kubadilisha umiliki TRA hawaendi, kadi bado ina jina la mtu wa Tabata ambaye hajulikani hata alihamia wapi. Siku deni la mtu wa Tabata likifumuka, barua itaandikwa na nani, kwa jina gani?

Sasa hesabu iliyobaki. Safari nne za kufuatilia elfu tisa. Mafuta, foleni, asubuhi nne ambazo oda hazikupelekwa, wateja wawili walioghairi. Dada alitumia zaidi ya elfu tisa kuitafuta elfu tisa. Ofisi yoyote inayodai raia inajua hesabu hii vizuri sana. Inajua mtu wa kawaida atapima, ataona usumbufu ni mkubwa kuliko deni, atalipa na kusonya. Makosa ya mashine yakigeuka kuwa mapato kwa sababu tu watu wamechoka kuyafuata, hiyo haina tena jina la bahati mbaya. Mashine inaweza kupiga picha. Basi kila mstari wa deni ungekuwa na picha ya gari, namba ikionekana, na ubishi wote wa E na F ungeisha kwa sekunde tano mtu akiwa kitandani kwake. Anayesema deni lipo ndiye alete ushahidi. Kwa sasa mwenye gari ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakuwepo mahali, na kuthibitisha kutokuwepo ni kazi ngumu, isipokuwa kwa staa anayejiposti kila baada ya dakika kumi na tano.

Na hii si huruma ya kuomba. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(a), inasema pale haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama au na chombo kingine, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kikamilifu na kutafuta nafuu dhidi ya uamuzi. Chombo kingine. Haisemi mahakama tu. Haisemi pia "isipokuwa deni likiwa dogo". Barua isipojibiwa, inapanda ngazi kwa meneja, ikiwa na nakala ile yenye mhuri. Upo mfumo wa serikali wa e-Mrejesho wa kupeleka malalamiko kwa simu. Ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo kazi yake mojawapo ni hii hasa, malalamiko kuhusu utendaji mbovu wa ofisi za umma. Na kama yupo anayesema "nipe elfu kumi nikufutie elfu themanini", huyo si msaada, huyo ni wa TAKUKURU, namba 113, bure.

Kitu kingine kidogo kinachochanganya watu: deni la paking na deni la trafiki ni vitu viwili. Ile elfu thelathini ya kosa la barabarani ni ya polisi, ina mfumo wake, na asiyekubali kosa ana haki ya kukataa na kwenda kujitetea mahakamani. Kwenda kituo cha polisi kubisha deni la paking ni kupoteza asubuhi. Kwenda ofisi ya paking kubisha faini ya taa nyekundu, vilevile.

Kuna kundi la tatu la mastaa, nalo lisiachwe. Muigizaji mmoja wa Bongo Movie, dada wa magauni marefu na kope za kufagia, aliulizwa kuhusu sakata hili kwenye mahojiano akasema yeye huwa analipa tu chochote mashine inachosema, "hela ya mboga hiyo, siwezi kubishana na vitoto vya barabarani." Akapigiwa makofi kwa ustaarabu. Ustaarabu upo wapi? Analipa madeni ambayo hata hajayasoma. Kila mtu akilipa bila kusoma, hakuna kosa litakaloonekana kamwe, na ofisi itasema mfumo uko sawa kwa sababu hakuna anayelalamika. Hela ya mboga ya kwake ni kodi ya chumba ya mwingine. Anaweza kulipa, ni hela zake, lakini asome kwanza.

Na wale wanaokunja kibao cha namba, au wanaokipaka matope makusudi kila wakiingia Posta, hawana nafasi kwenye mjadala huu. Hao hawabishi deni, wanalikimbia. Mchekeshaji mmoja anajulikana kwa hilo na anajisifia kabisa mbele ya watu. Siku akibambikiwa deni la uongo, atakwenda kusema nini na kile kibao chake?

Wapo watakaosema yote haya ni ndoto, mjini bila mtu huendi popote, barua ni za wazee wa Ujamaa. Waikumbuke 2021. Mfumo wa kielektroniki wa kutoza maegesho ulipoanza, kelele za wenye magari wa kawaida zilikuwa nyingi mpaka serikali ikausitisha kwa muda. Hakuna staa aliyempigia mtu simu. Walikuwa watu wa Vitz, wa Noah, wenye maduka, wenye bajaji za mizigo, wanalalamika hadharani, wakitaja tarehe na mitaa. Ule ulikuwa mlango wa mbele, na ulifunguka kwa sababu watu wengi waliubisha kwa pamoja. Staa mmoja mwenye wafuasi wake wote wale angeposti mchanganuo wake, picha zake za Mwanza, barua yake yenye mhuri, na maneno matatu tu: "Nimeandika. Nasubiri." Wangapi wangefungua madeni yao wakayasoma? Wangapi wangegundua E yao imekuwa F? Ofisi ingejibu mbele ya nchi nzima, na jibu lingemfaa hata yule ambaye hajui jina la diwani wake. Binti angekuwa bado yuko mtaani kwake anakata risiti, amelipa deni lake la wali maharage.

Badala yake zikabaki skrinishoti mbili, moja ya tusi na moja ya sifuri.

Ubuyu mpya ndio huu. Wiki iliyopita mmoja wa wale wale chawa, kwa kiherehere chake, aliingiza namba ya Prado ya bosi wake kwenye simu ili aposti tena ile sifuri. Haikuwa sifuri. Ilikuwa 19,500, mistari yote Kariakoo, yote asubuhi, kwa sababu Noah bado inaegeshwa pale pale na herufi bado inasomwa vile vile. Posti ilikaa dakika nne ikafutwa. Staa, inasemekana, akapiga simu ile ile. Iliita mpaka ikakata. Mkeka wa uteuzi ulitoka wiki mbili nyuma, mheshimiwa hayumo, na namba ya ofisi yake sasa inapokelewa na mama mmoja ambaye alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia alete barua.